Mishumaa Arobaini Iliyokohoa

Kanyenye, Tabora
Jumatano jioni

Mwanangu Mwamvua,

Asalaam alaikum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, marahaba. Mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye safarini. Nikisema safarini nahesabu siku utakayoisoma barua hii, kwa maana hivi ninavyoandika uko chumba cha pili, nasikia zipu ya begi inagoma na wewe unaibembeleza. Lakini barua isiyo na salamu mimi siijui. Mwalimu wetu wa darasa la nne, na ndilo nililoishia, alikuwa akisema barua ni mgeni, lazima ipige hodi. Basi hodi.

Baba yako anakusalimu. Yuko uani, ameifunga ndoo yako ya nta kwa mpira wa baiskeli, akaifungua, akaifunga tena, sasa ni mara ya tatu. Unamjua baba yako, maneno yake yote yako kwenye vidole. Bibi yako anakusalimu kwa Kinyamwezi, anasema mwangaluka. Nimemwambia sasa ni jioni, hiyo ni salamu ya asubuhi, akanijibu kwamba mjukuu wake atafungua barua asubuhi, mimi niandike tu. Amekuwekea matobolwa, vile viazi vitamu vyake vya kukausha, kwenye mfuko wa kaki na amekataza mtu asiyaonje. Rehema mdogo wako anakusalimu, ndiye aliyenipa karatasi hizi kutoka daftari lake la hisabati, kwa hiyo usinicheke kwa hivi vyumba vyumba. Shangazi yako Mwanahawa kutoka nyumba ya pili anakusalimu sana, amepita hapa mara nne leo kuuliza kama umeshaondoka, na kila akikuta bado upo anakasirika kama umemchelewesha yeye. Asha wake anakusalimu kutoka kwa mumewe, na mtoto wake anatambaa. Na yule paka wako asiye na mkia analala juu ya viatu vyako, sijui nani kamwambia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwa simu nitasema nusu. Wewe utasema "haina neno mama" kabla sijafika penyewe, na mimi nitashukuru na kunyamaza, kama nilivyonyamaza miaka miwili. Karatasi hainikatizi.

Mambo ya kula na kulala na kufunga mlango sikuandikii. Baba yako ameyasema kidogo, bibi ameyarudia, shangazi ameyaongezea chumvi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la ile mishumaa ya harusi ya Asha. Lakini nikiliweka hapa juu peke yake utaliona kosa na hutaniona mimi niliyelifanya. Niache nizunguke kidogo, nitafika.

Unajua mimi nta nimeijua kabla ya kujua a, e, i, o, u. Kule Usinge baba yangu alikuwa mrina asali. Akitoka porini na masega, asali ilikuwa ya wanaume kupeleka kuuza, na makapi yalikuwa yetu, mimi na mama. Tunayatia kwenye gunia, tunalizamisha gunia kwenye sufuria kubwa ya maji, tunachemsha, tunalikandamiza na jiwe mpaka nta inatoka na kuelea. Asubuhi unainua keki ya manjano juu ya maji, safi, inanuka maua ya miombo. Mama alinifundisha kwa maneno machache na makofi ya kutosha. Alikuwa akisema, "Usiyaonee maji uchoyo. Maji ndiyo yanayoiosha nta." Hilo ndilo somo langu la kwanza duniani. Nililiamini kuliko lolote nililofundishwa shuleni, na halikuwahi kunidanganya hata siku moja.

Nilipoolewa hapa mjini nilikuja na sufuria ile ile nyeusi. Kabla hujazaliwa waliniita Mama Nta. Ulipozaliwa ndipo wakaanza Mama Mwamvua, na hata hapo watu wazima walikuwa wanachanganya. Sina cheti, sina kiwanja kwa jina langu, lakini Kanyenye hii mtu akitaka kujua nta hii ni safi au imechanganywa na mafuta ya nyama, analetwa kwangu, naigusa na ulimi, namwambia. Nakueleza haya ujue kiburi changu kilikaa wapi. Kilikaa hapo, kwenye ulimi.

Halafu wewe ukaleta soya.

Nakumbuka lile boksi liliposhushwa kwenye basi la Dar. Ulilifungua hapa barazani, ndani mna vipande vyeupe vyepesi kama sabuni ya mche iliyokwanguliwa na kisu. Bibi akauliza kama hiyo ndiyo soya ya uji wa lishe. Ukamwambia, "Ndugu yake, bibi, imetoka kwenye maharage yale yale." Akasema, "Basi lete sukari." Tulicheka mpaka baba yako akatoka kwenye baiskeli zake kuuliza kuna nini.

Ulikuwa umejifundisha kwa simu yako yenye kioo kilichopasuka, ukitazama video ile ile mara kumi. Nilikaa kwenye kigoda nikajifanya nachagua mchele, lakini macho yangu yalikuwa kwako. Uliweka maji kwenye sufuria kubwa, ukaweka sufuria ndogo juu yake, nta ikakaa kwenye ile ndogo, kavu, ikayeyuka kwa joto la maji bila kuyagusa. Ulisema nta hii haitaki moto wa ana kwa ana. Ulikuwa na kile kipimajoto chako unakitia na kukitoa kama nesi. Utambi ukaugandisha chini ya glasi kwa tone la nta, juu ukaubana kwa vijiti viwili vya mishikaki ili usimame katikati. Ukaepua, ukasubiri. Nikakuuliza unasubiri nini, imeshayeyuka. Ukasema, "Mama, nikitia mafuta ya mchaichai ikiwa bado moto sana, harufu yote itapaa." Ukasubiri tena kabla ya kumimina. Mimi maishani mwangu sikuwahi kuisubiri nta. Nta ndiyo ilikuwa inanisubiri mimi.

Ulimimina kwenye glasi ya chai, kwa mikono mitupu. Shika hapo, nitaparudia.

Ukauacha mshumaa siku kumi na kitu bila kuuwasha, umefungwa kwenye kabati, tukakuona kichaa. Siku uliyouwasha uliukata utambi mpaka ukawa mfupi kama punje ya mchele, ukatuambia tusiuzime mpaka nta iyeyuke kufika kwenye ukingo wa glasi pande zote, maana nta hii inakumbuka ilivyowashwa mara ya kwanza. Ukiizima mapema itachimba shimo katikati, na itachimba hapo hapo siku zote. Tukakaa tunautazama kama televisheni. Ulikuwa kimya, mwali umesimama wima, nyumba inanuka mchaichai. Ukauzima. Kesho yake ukaulizia ile glasi nikakuambia imeanguka ikavunjika. Haikuvunjika. Niliichukua nikaificha kwenye sanduku langu la kanga, kwa sababu nilitaka niwe nayo. Huo ni uongo wa kwanza ninaokukiri, na huo haunisumbui hata kidogo.

Unaonisumbua ni huu unaofuata.

Shangazi yako alipokuagiza mishumaa arobaini ya meza za ukumbini, nilifurahi kuliko wewe. Ile Alhamisi ulikwenda kuzunguka kwa wauza juisi kukusanya chupa. Nikajisemea, mwanangu amechoka, acha nimsaidie. Nikafungua boksi. Nikaona lina vumbi la safari, na vipande vingine vimekaa rangi ya kijivu kwenye kona. Nikasema hii nta chafu, haiwezi kuwekwa mbele ya bi harusi. Unajua nilifanya nini?

Nilitoa sufuria nyeusi. Nikajaza maji. Nikamwaga nta yako yote ndani ya maji, nikachemsha, nikakoroga kwa mwiko kama ugali, nikachuja kwa kitambaa. Sikuyaonea maji uchoyo.

Niliona mapema kwamba haiendi kama nta yangu. Haikuelea ikaachana na maji vizuri. Ilikaa nyeupe, laini, kama siagi, na nilipoibonyeza ilitoa unyevu. Nikaifuta kwa kanga, nikaikatakata kwa kisu, nikaitandaza kwenye ungo. Nikasema itakauka. Nikairudisha kwenye ndoo kabla hujaja.

Ukaingia na chupa zako kwenye mfuko wa salfeti. Ukatazama ndoo.

"Mama, mbona imekuwa mapande?"

"Nimekuyeyushia, nikaigandisha. Kesho kazi itakuwa nyepesi."

"Kwa sufuria mbili?"

Hapo, Mwamvua. Ilikuwa nafasi ya neno moja tu. Lakini niliona nimesimama jikoni kwangu, mimi Mama Nta, naulizwa habari za nta na mtoto niliyemnawisha uso.

"Mbili," nikasema. "Kwani mimi nimeanza nta leo?"

Na wewe ukainamisha kichwa ukasema, "Samahani mama." Ukaniomba msamaha wewe.

Ijumaa ulipomaliza kumimina yote arobaini ulitaka kuwasha mmoja wa kujaribia. Nikakuambia mishumaa ya harusi haiwashwi kabla ya bi harusi kuingia, ni mkosi. Hakuna mkosi kama huo. Niliutunga pale pale, nimeshika ufagio. Nilikuwa nimeanza kuogopa.

Ukumbini unakumbuka mwenyewe, lakini hujui mimi nilikuwa naona nini. Mishumaa ilipowashwa watu walisema waa. Halafu meza ya kwanza ikaanza, chak, chak, chak, kama mafuta ya chapati yaliyodondoshewa maji. Halafu ya pili. Mwingine unarusha, mwingine unafifia, mwingine unajaribu kusimama kisha unakufa na moshi mweusi. Yule mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Jamani, mishumaa ya leo ina kikohozi, kuna daktari humu?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikakuona unatokea mlango wa jikoni na sinia mkononi ambalo halikuwa na kitu. Mimi nilikuwa najua tangu chak ya kwanza. Sauti ya maji ndani ya nta naijua tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilikaa kwenye kiti changu, nikarekebisha mtandio.

Usiku ule ule shangazi yako akasema barazani, watu wote wanamsikia, "Mimi simlaumu, mtoto kazaliwa na mvua, tukamwita Mwamvua, mikono yake itakaukaje? Kila anachoshika kinalowa." Watu wakacheka, hata wewe ukacheka kidogo kwa heshima. Shangazi yako hana ubaya, ni mdomo tu, kesho yake alikuwa ameshasahau. Wewe hukusahau. Nilikuona unaitazama mikono yako, umeigeuza viganja juu.

Na mimi nilisikia. Nilikuwa nagawa chai. Nikaendelea kugawa.

Asubuhi nilivunja mmoja wa ile iliyozimika. Ndani ulikuwa na vitone vidogo vidogo, kama jasho kwenye pua ya mtu. Nikaichukua yote nikaifukia nyuma ya banda la kuku. Ulipouliza iko wapi, unataka uichunguze, nikasema nimeitupa ili usiendelee kuumia. Ukanikumbatia kwa hilo.

Uliacha kazi ya mishumaa miezi mitano. Ulikuwa unakaa dukani kwa watu unauza vifuniko vya simu, unarudi jioni huongei. Kila siku nilisema leo nitamwambia. Kuna siku nilikuja mpaka mlangoni kwako. Nikakuuliza kama unataka ndizi.

Sasa sikiliza na upande mwingine, maana sikukaa chini leo kujipiga kifua tu. Ulirudi mwenyewe. Hakuna aliyekusukuma. Ulinunua nta kidogo, ukatengeneza mshumaa mmoja, ukauandika kwenye daftari: utambi gani, joto kiasi gani, mafuta vijiko vingapi, siku ngapi kabla ya kuwashwa. Ukatengeneza wa pili ukabadilisha kitu kimoja tu. Nikakuuliza kwa nini usibadilishe yote ujue upesi. Ukasema, "Nikibadilisha yote sitajua kipi kilikuwa na kosa." Nilikwenda kuosha vyombo. Wewe ulikuwa unalitafuta kosa kwa uvumilivu ule wote, na kosa limesimama karoni linasugua sufuria.

Hukulipata, kwa sababu halikuwemo kwenye daftari. Ukachukua lile neno la shangazi yako. Ukaanza kukausha kila chupa mara tatu, kwa kitambaa, kwa jua, kwa kitambaa tena. Ukachana fulana nyeupe ya baba yako, ukajizungushia mikono vitambaa kila unapomimina. Nilipokukumbusha kwamba ule wa kwanza wa glasi uliumimina kwa mikono mitupu na ukawaka vizuri, ukasema, "Ule nilibahatisha, ilikuwa kiangazi." Nikaona mlango umefunguka hapo, nikapita mbele yake.

Lakini tazama ulipofika. Mishumaa yako iko kwenye vyumba vya wageni pale karibu na stesheni. Watu wanashuka kwenye treni wanaiulizia. Mama mmoja wa Ujiji alinunua mitatu tu, akapiga simu baada ya mwezi kusema ana kikundi cha akina mama kumi na wawili, wanataka mwalimu, na mwalimu wamtakaye ni wewe. Wewe, Mwamvua, mwalimu. Mimi niliyeishia la nne nimezaa mwalimu wa kitu nisichokijua. Siku ile nilikwenda sokoni bila haja ya kununua chochote, nilikwenda tu ili watu waniulize mwanangu anakwenda wapi.

Bibi yako anasema babu yake alikuwa mpagazi. Alikwenda Ujiji kwa miguu mara nyingi hata hawakuhesabu, na mzigo kichwani, na mzigo ule haukuwa wake. Alirudi na kovu shingoni na kanga moja. Kesho utapita kwenye njia yake, ila utakuwa umekaa dirishani, na mzigo ni wako. Bibi alipoyasema hayo jana alikuwa anatafuna, hakuona kwamba mimi nimegeuka ukutani.

Nilidhani basi, mambo yameisha vizuri, kosa limeoza nyuma ya banda la kuku, ya nini kulifukua. Mpaka Jumapili iliyopita.

Ulikuwa unajaribu somo lako hapa uani. Rehema na majirani watatu wamekaa kwenye mkeka, wewe umesimama na sufuria zako mbili. Ulikuwa unasema vizuri mpaka jirani mmoja akasahau kufunga mdomo. Ukasema nta ya soya na maji wasikutane hata kwa tone. Halafu ukainua mikono yako, ukaanza kuizungushia vile vitambaa, ukasema, "Mimi nina tatizo, mikono yangu ina maji. Niliwahi kuharibu mishumaa arobaini siku ya harusi. Kwa hiyo kila mmoja ajichunguze mikono yake kabla ya kuanza. Wengine hatukuumbiwa, inabidi tujifunge."

Na yule binti wa jirani, yule mwembamba, akaitazama mikono yake. Vile vile kama ulivyoitazama wewe barazani.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nilikuwa nimekubali kukaa na uongo wangu hapa nyumbani, tumezoeana. Lakini sasa unapanda nao treni. Utaushusha Ujiji, akina mama kumi na wawili wataunywa kama dawa, na kila mmoja atakwenda kwake kuutazama mkono wake. Na wewe utasimama mbele yao ukifundisha kazi unayoijua kuliko mtu yeyote kwenye njia hii yote, huku umejifunga vitambaa kama mtu aliyeungua.

Mikono yako haina maji, Mwamvua. Haijawahi kuwa nayo. Maji yalitoka kwenye sufuria yangu.

Sikuombi useme nilikuwa nataka kukusaidia. Nilikuwa nataka, ni kweli, na siku ya kwanza ungenisamehe ukacheka, tungeagiza nta nyingine kwa basi la kesho, shangazi yako angepata mishumaa yake. Kuchemsha kulikuwa ni kutojua. Lile neno "mbili" ndilo lilikuwa langu hasa. Lilinitoka haraka, na kila siku niliyokaa lilizidi kuwa zito kulitoa, mpaka likawa kama samani, tunalizunguka tu.

Huko unakokwenda sasa utaitwa mwalimu, na kuna siku mama mmoja atakuuliza kitu usichokijua, mbele ya wenzake. Sijui cha kukushauri, mimi nilifeli mtihani huo jikoni kwangu mwenyewe, nikiwa na mwanafunzi mmoja. Ila nakuambia tu jinsi ilivyo ndani: shingo inakuwa ngumu, jibu linakuja lenyewe, na ni tamu kulisema. Utamu wake haufiki hata jioni.

Nimejifunza tangu Jumapili, usicheke. Ulipokuwa mjini kuaga watu nilichukua sufuria zako mbili na konzi moja ya nta. Nikasubiri ipoe. Nikaisubiri kweli, mimi, nimekaa kwenye kigoda na kipimajoto, bibi ananiuliza nani mgonjwa. Mshumaa wangu umekaa upande kidogo, na juu umeingia vibonde kama uso wa mtu aliyeugua tetekuwanga. Sijui nimekosea wapi. Nitasubiri uniambie wewe.

Sasa fanya hivi. Barua hii umeikuta ndani ya ndoo, chini kabisa, pamoja na kitu nilichokifunga kwa kanga yangu ya zambarau. Ifungue. Ni ile glasi ya chai. Ni mshumaa wako wa kwanza, ule uliomimina kwa mikono mitupu, kabla sijagusa chochote chako. Harufu imepungua, nimekuwa nikiunusa. Ukate utambi uwe punje ya mchele. Siku ya kwanza ya somo, uweke mbele ya wale akina mama uuwashe, na wote wanyamaze wasikilize. Halafu waeleze yaliyotokea. Nitaje. Waambie mama yangu alichemsha nta ya soya kwenye maji kama nta ya nyuki, kisha akadanganya. Wataelewa, huko nako warina asali wapo, huenda yumo mmoja aliyekuwa amepanga kufanya hivyo hivyo. Na utakapokuja wakati wa kumimina, vile vitambaa mrudishie baba yako, anaitaka fulana yake.

Shangazi yako nitamwambia mwenyewe, kesho, treni ikishaondoka. Nitamwambia barazani, palepale alipoyasema yale, na watu wakiwepo. Baba yako nimemwambia leo mchana. Akasema, "Mwambie kabla hajafika." Ndiyo maana anaifungua na kuifunga ile ndoo. Anataka kuhakikisha barua haitaanguka.

Zipu imekubali, nimesikia. Unakuja kuniuliza kama nimelala. Nitaikunja hii sasa.

Nijibu upesi mwanangu, kabla hata hujazoea kitanda cha huko. Usinijibu "haina neno", maana lina neno. Niandikie kwa mkono wako, unipe mambo mawili: umekasirika kiasi gani, usipunguze, na mshumaa ulipowashwa ulitoa sauti yoyote au ulikaa kimya. Anza na mshumaa.

Ni mimi mama yako, niliyetia maji.